Kovu kwenye Madigadi

Watu wengi wanadhani kazi ya rangi ya gari ni kupuliza rangi. Kupuliza kunakwisha kabla chai haijapoa. Kazi yenyewe ni ile inayofuata, ya kuisugua rangi hiyo mpya kwa msasa wa maji mpaka mng'ao wote uondoke na gari lifubae, halafu kuurudisha mng'ao huo kwa mkono, polepole, kwa siku kadhaa. Mwenye gari akipita katikati ya kazi na kulikuta limefifia hivyo, hushika kichwa. Mmoja niliwahi kumwona akikaa chini kabisa, karibu na tairi. Mimi nilikuwa nawaacha washike kichwa kidogo kabla ya kuwaeleza, kwa sababu nilikuwa kijana mwenye majivuno na starehe zangu zilikuwa chache.

Hii ilikuwa Shinyanga mjini, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwenye gereji ya Singasinga mmoja nyuma ya stesheni. Nilikuwa nimetoka kwetu Usumbwa kutafuta kazi, nikaipata hiyo, na kwa miaka sita nikasugua. Bomba la kupulizia rangi nililisafisha kwa tina ya kuyeyushia rangi kila jioni na kulirudisha kabatini, lakini kulishika likiwa na rangi ndani, hapana. Bomba lilikuwa la bwana mwenyewe, na ufunguo wa kabati ulikaa kwenye mnyororo wa saa yake.

Kusugua kunataka maji, na Shinyanga ina kila kitu isipokuwa maji. Wakati wa kiangazi tulinunua ya lambo, ya rangi ya chai ya maziwa, tukayaacha kwenye pipa usiku kucha yatulie, asubuhi nikayachuja kwa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara nne. Punje moja ya mchanga chini ya msasa huacha mkwaruzo unaozunguka kila mkono ulikozunguka, na hapo siku nzima imekwenda. Nilianza na msasa namba mia nne, nikamaliza na mia sita, nimeukunja kwenye kipande cha mpira na kuupaka sabuni. Mwisho ilikuja dawa ya kung'arishia, uji wa kijivu wa kwenye kopo, tuliyoisugua kwa pamba ya kutoka kiwandani. Hiyo pamba nayo niliichambua tena kwa vidole, kwa sababu mashine huacha vipande vya mbegu na mbegu ya pamba hukwaruza.

Bwana alinifundisha kutoliamini jicho. Jicho, alisema, linapenda kitu kinachong'aa na humsamehe kila anayeng'aa. Alinifunga macho kwa kitambaa, akanipa mlango wa gari, akaniambia nipitishe kiganja na nimwonyeshe pale panapopanda na pale panaposhuka. Miezi ya kwanza nilikosea kila siku. Baadaye niliacha kukosea, nikaanza kuwadharau watu wanaotazama magari kwa macho.

Kitu kimoja kilikuwa kigumu kwa kila fundi, na hicho ni mikunjo. Pale bati linapopinda rangi hukaa nyembamba, na ukipitisha msasa mara moja zaidi ya inavyotakiwa, unafika kwenye rangi ya chini. Sisi tuliita kutoboka. Dawa yake ni moja tu, kupuliza upya kipande chote, kusubiri kikauke na kuanza tena. Dawa nyingine zote ni ujanja.

Mwaka wangu wa sita lililetwa gari la mtu wa Didia. Alikuwa Msukuma mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, ananunua ng'ombe minadani na kuwapeleka Geita kulisha watu wa migodi ya dhahabu. Huko alilinunua gari kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Injini ilikuwa nzima, rangi imekufa. Alitaka nyeusi, na si nyeusi ya sufuria, alisema, nyeusi ya mtu kujitazama akinyoa ndevu. Hakujua kwamba hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, maana nyeusi haifichi kitu.

Bwana alipuliza rangi mwenyewe. Kisha ikaja habari kwamba makopo yetu ya rangi yamekwama Tabora, akalazimika kwenda kwa treni kuyagombania. Asubuhi ya kuondoka alinikuta nachuja maji, akasimama kidogo.

"Hili umalize wewe," alisema. "Nikirudi nikamkuta mwenyewe hana neno, bomba utashika wewe."

Nilirudi kwenye maji yangu. Miaka sita nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo, na sasa yalikuwa yametundikwa kwenye gari moja la mchuuzi wa ng'ombe.

Siku mbili zilikwenda vizuri. Nilimaliza paa, boneti, na milango yote. Siku ya tatu nilikuwa kwenye madigadi ya mbele kushoto, lile bati linalofunika gurudumu, kwenye ule mgongo wake wa juu, na nilijua kabla ya kuona. Maji yanayotiririka kwenye msasa huwa na rangi ya gari. Yalikuwa meusi, halafu ghafla yakaingia wekundu, ule wekundu wa praima, rangi ya chini. Niliinua mkono. Palikuwa pametoboka kiasi cha ukucha wa dole gumba.

Nilikaa juu ya debe. Kupuliza upya sikuweza, bomba lilikuwa kabatini na ufunguo ulikuwa Tabora. Kilichotakiwa ni kumwambia mwenye gari angoje bwana arudi, na kumwambia bwana nimetoboa. Haikuwa aibu ya kufa mtu. Mafundi wote hutoboa. Lakini lingekuwa neno, na bwana alisema bila neno.

Chini ya kopo la nyeusi palikuwa na rangi kidogo, ya kulamba tu. Niliokota unyoya wa kuku uani, nikaukata ncha, nikaichukua rangi hiyo tone kwa tone na kuliweka kwenye jeraha. Lilipokauka niliongeza jingine. Nilifanya hivyo siku nzima na kesho yake asubuhi. Kisha nikafunga kipande cha msasa kwenye njiti ya kiberiti na kusugua mahali hapo peke yake, nikapaka dawa, nikang'arisha madigadi yote. Nilitazama kutoka kushoto, kutoka kulia, nikachuchumaa nikatazama kutoka chini. Jicho halikuona kitu. Kiganja sikukipitisha, kwa sababu nilijua kingeniambia nini.

Mwenye gari alikuja Jumamosi. Alijiona kwenye mlango, akarekebisha kola ya shati, na nikajua tumemalizana. Lakini akaniambia nipande. Kwao, alieleza, kitu kipya hakilali nyumbani kabla mama yake hajakipokea, na anakipokea kutoka mkononi mwa aliyekitengeneza. Plau ilipokelewa hivyo, na baiskeli, na cherehani. Nikapanda, nimevimba kichwa, na tambara na pamba yangu kwenye mfuko.

Barabara ya kwenda Didia ilikuwa vumbi tupu. Kabla hatujafika kwenye boma lao nilimwomba asimame. Nikalifuta gari lote, kwanza kwa tambara bichi, kisha kwa pamba kavu, nikiwa nimepiga magoti barabarani, naye amekaa kwenye kivuli cha mlango akinitazama kwa upole. Ilinichukua nusu saa nzima. Tukaingia uani tunang'aa, na mmoja wa wake zake akamtoa ndani mama mzee, amemshika mkono, macho yake meupe yote mawili. Alikuwa haoni.

Baadaye nilimuuliza mwenye gari kwa nini hakuniambia. Alishangaa kidogo, akasema pale nyumbani hakuna anayelikumbuka jambo hilo.

Wakati wanamtandikia ngozi akae na watu wanakusanyika, mke huyo wa mwenye gari alinisimulia habari za mama, kwa fahari ya wazi kabisa. Mama alipofuka kwa ugonjwa wa macho miaka mingi nyuma, lakini ndama wa boma lile wote walikuwa mikononi mwake. Kila asubuhi, kabla hawajafunguliwa, alimpitishia kila ndama kiganja kutoka puani mpaka mkiani, ndani ya masikio, chini ya mkia, akitoa kupe. Akigusa mgongo tu anakuambia huyu ni wa ng'ombe gani. Uvimbe ambao wachungaji hawajauona, yeye ameshausema juzi. Nilisikiliza kwa adabu. Moyoni nilikuwa nimeanza kuogopa.

Hakukaa kwenye ngozi. Aliamkia gari kama anavyoamkia ndama. Alianza mbele, kiganja wazi, vidole vimelegea, akakitembeza polepole bila kukiinua. Nimewaona mafundi wengi wakipima bati, lakini mkono kama ule sikuwahi kuuona, na hata bwana wangu hakuwa nao. Alipita boneti, akapita ubavu wa kulia, akazunguka nyuma, akaanza kurudi upande wa kushoto. Mlango wa nyuma. Mlango wa mbele. Madigadi. Mkono ukasimama.

Aliurudisha nyuma kidogo, akauleta tena, safari hii kwa vidole viwili.

"Hapa pana kovu," alisema kwa Kisukuma.

Mwanawe aliinama akatazama. Alitazama upande huu na upande huu, jua likiwa juu ya rangi, akaona uso wake tu. Akacheka kidogo. Mayu, alimwambia, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, mayu hapa hapana kitu. Kisha akanigeukia mimi, bila shaka yoyote, kama mtu anavyomgeukia anayejua.

"Fundi?"

Palikuwa na watu kama ishirini. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na nilikuwa na muda wa kutosha, hakuna aliyenisukuma. Ningesema ni kweli, pametoboka, nitapatengeneza bwana akirudi. Yule mtu asingekasirika. Niliona bomba, nikaona kabati, nikaona miaka mingine sita ya maji ya lambo.

"Hapana kitu, mayu," nilisema. "Labda mkono tu umechoka."

Nililisema kwa heshima, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara. Mama aliweka vidole pale mara ya tatu. Kisha akavitoa, akavifuta kwenye nguo yake, na kuushika mkono huo kwa mkono mwingine.

"Basi mkono umezeeka," alisema.

Akaletewa siagi kwenye kibuyu, maana kitu kipya hupakwa siagi. Aliipaka haraka haraka, bila kukawiza mkono popote, kama mtu anayepaka kitu cha moto. Siagi ya namna hiyo haifutwi, inaachwa iishe yenyewe, na mwenye gari alikuwa anaondoka saa ileile kupitia Tinde na Kahama kwenda Geita. Nilimtazama akiingia barabarani na vumbi likaanza kuishika ile siagi. Kazi yangu ya wiki nzima iliondoka kama samaki aliyepakwa unga. Siku nyingine ningeumia sana kwa jambo hilo. Siku ile nililishukuru lile vumbi.

Nilirudi mjini juu ya lori la pamba, nimelala kwenye magunia. Nisidanganye sasa, nilifurahi. Nilipiga mluzi njia nzima.

Bwana alirudi na makopo yake. Baada ya wiki chache mwenye gari akapita akitokea Geita, na bwana akamuuliza mbele yangu kama ana neno. Hakuwa nalo. Alisifu rangi, akasema huko migodini wamemuuliza amepaka wapi. Kisha, kwa kuchekesha tu, akasimulia kwamba mama yake amezeeka, alishika kovu mahali ambapo hapana kovu. Akaonyesha hapo mahali.

Bwana alitoka nje. Hakutazama madigadi, alitazama mtaani, na huku mkono wake unapita juu ya bati. Ukafika, ukasimama. Aliniangalia juu ya boneti kwa muda, na mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Rangi nzuri," alimwambia mwenye gari.

Kesho yake asubuhi alitoa ufunguo kwenye mnyororo wa saa na kuuweka mezani, mbele yangu. Hakusema neno wala mimi sikusema. Kwa muda mrefu niliita hiyo heshima baina ya mafundi. Tangu siku hiyo, kila nilipomaliza gari, alizipitia kingo zote kwa mkono kabla halijatoka, na hilo nalo hatukulizungumza.

Bomba nililiweza. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, rangi yangu ililala bila kuchuruzika, na kabla ya masika watu walianza kuniuliza mimi kwanza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, masika yalikuja yakaisha bado naitembea kwa raha.

Masika yalipokwisha, mtu wa Didia akaleta gari, amevunja taa ya mbele kwa kugonga fahali. Nikamuuliza habari za nyumbani kama mtu anavyouliza. Alisema wazima. Mama je? Mama mzima, alisema, ila ameacha ndama.

"Tangu siku ile ya gari anasema mkono wake umeanza kusema uongo," aliniambia. "Ukimpelekea ndama anamshika, halafu anasema msinisikilize mimi."

Alieleza mengine taratibu, huku akiangalia taa yake. Siku hizi kazi ya ndama inafanywa na wake zake, lakini hawatoi kupe vizuri masikioni, na ndama wawili wameshakufa. Mama anakaa kwenye ngozi yake mlangoni, mikono mapajani. Hata chakula anauliza kwanza ni kitu gani, wakati zamani alikishika akajua. Uzee, alisema yule mtu wa Didia, uzee hauna dawa. Nikamwambia pole. Akaniambia asante, fundi.

Asante ile ilikaa na mimi. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba nimemdanganya mwenye gari, kwa kitu kidogo cha ukucha, kitu ambacho hata yeye hakihitaji. Sikuwahi kufikiri kwamba nilikuwa nimemdanganya mama, wala kwamba alikuwa ameniamini. Nilijichukia, na chuki hiyo haikunifanya niharakishe. Niliacha Jumapili tatu zipite. Niliogopa mwanawe atamwambia bwana, na kwamba bwana, ambaye alikuwa anajua, atalazimika kufanya kama hakujua, na kuninyang'anya ufunguo. Jumapili ya nne nikapanda baiskeli.

Mwenye boma alikuwa safarini Geita. Mama alikuwa hapo mlangoni, kama alivyosimulia mwanawe. Nilimwamkia, mwangaluka mayu, naye akaitikia na kuinua uso.

"Fundi wa gari," alisema.

Nilikaa chini mbele yake, nikamwambia yote, kwa Kisukuma changu cha Kisumbwa. Nilimwambia habari za maji yaliyoingia wekundu, na ufunguo uliokuwa Tabora, na unyoya wa kuku. Nikamwambia kwamba kovu lipo, nililiweka mimi, na mkono wake ulisema kweli.

Mke wa mwanawe alikuwa ameacha kutwanga.

"Siku ile ulijua?" mama aliuliza.

"Nilijua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha, na kwa vyote viwili nilikuwa na la kujibu. Nilianza kumwambia kwamba nitaipuliza upya ile madigadi, kwa rangi yangu mwenyewe. Akanikatiza kwa mkono.

"Kovu la gari ni la gari," alisema.

Kisha akageuza uso pembeni, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Kumbe nilikuwa mzima," alisema.

Hakulisema kwa furaha. Aliinuka, akamwita mke wa mwanawe, na kumwambia ampeleke kwenye zizi la ndama. Nikawafuata mpaka kwenye ua wa miiba, hakuna aliyeniambia nifuate wala nibaki. Ndama aliowajua yeye walikuwa wameshakuwa wakubwa na kwenda malishoni na wengine. Waliokuwa mle walikuwa wa masika yale, waliozaliwa yeye akiwa amekaa kwenye ngozi, na mkono wake hawajawahi kuuonja.

Aliingia, akanyoosha kiganja, akawaita kwa ile sauti ya ulimi ambayo huita ndama. Wakakimbilia upande wa pili. Akaifuata milio yao, nao wakamzunguka kando ya miiba na kurudi walikotoka. Mke wa mwanawe alimkamata mmoja shingoni ili amletee, mama akamwambia amwachie, wakija waje wenyewe. Akasimama katikati ya zizi, mkono mbele, akingoja. Nilingoja naye kwa muda mrefu upande wangu wa miiba. Mpaka ninapanda baiskeli, hakuna hata mmoja aliyekuwa amekuja.